Bao na Kompyuta: Uamuzi wa Kusafiri

Bao la Kiswahili, lichezwalo barazani Kibiti kama kwingineko pwani, lina mashimo 32 na kete 64. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, wa Maastricht nchini Uholanzi, walieleza namna ya kuifunza kompyuta mchezo huo. Kuhesabu kete si kazi kwa mashine. Taabu i katika kuamua. Wakati wa namua, mchezaji aliyekula, kete yake ya mwisho ikiangukia nyumba yake yenye kete 6 au zaidi, ana hiari: alale, au asafiri. Akilala amehifadhi akiba, lakini mpinzani aweza kuila yote kwa mara moja. Wingi wa kete peke yake hauamui neno hili. Mtunga programu, angalau, hahitaji kuazima istilahi: namua, mtaji, takata na safiri zimekwisha pambanuliwa barazani.