Mtoto Asiyeona Ubao: Simu Si Mshitakiwa Pekee

Mtoto akianza kukunja uso ili asome ubaoni, wazazi huilaumu simu. Lawama hiyo ina haki yake, ila si simu pekee: hata juzuu inayosomwa ikiwa imegusana na pua huyachosha macho vilevile.

Asiyeona mbali jicho lake limerefuka kupita kiasi, taswira ikatua kabla ya kuifikia retina, utando ulioko nyuma ya jicho. Jicho likisharefuka halifupiki tena. Linalowezekana ni kupunguza kasi, na ndiyo maana kuwahi kumtambua mtoto ni jambo kubwa.

Hapa ndipo simu inapogeuka msaidizi. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, shule 50 zilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Katika nusu ya shule hizo, walimu waliwapima wanafunzi kwa programu ya simu iitwayo Peek, mtoto akionyesha kwa mkono upande inakoelekea herufi E. Wazazi walipewa picha ya namna mtoto wao anavyouona ulimwengu, kisha wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Waliofika hospitali walikuwa asilimia 54 ya walioelekezwa; kwa utaratibu wa kawaida walifika asilimia 22 tu. Naona picha ile ilifanya kazi kuliko maneno mengi.

Tiba nyingine haihitaji umeme. Huko Guangzhou, China, wanafunzi walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule walipata tatizo hili kwa asilimia 30 katika miaka mitatu, ilhali wenzao walifikia takriban asilimia 40. Mwanga wa jua huchelewesha tatizo kuanza. Watoto wa Galula, katika Wilaya ya Songwe, wanao mwanga huo tele. Wasinyimwe muda wa kucheza baada ya Alasiri.

Wapo wanaoogopa kwamba miwani itamlemaza mtoto macho. Utafiti wa Malaysia wa mwaka 2002 ulionyesha kinyume: waliopewa miwani yenye nguvu pungufu ndio waliozidi kuharibikiwa kwa kasi. Matone ya atropini yaliyozimuliwa pia husaidia, lakini ni kwa maelekezo ya daktari wa macho, si ya kujinunulia dukani.

Kwa familia ya Galula, mzigo huenda ukawa nauli ya kwenda Mbeya. Kabla ya safari, mzibe mwanao jicho moja kwa kiganja, umwulize anachokiona ng'ambo ya uwanja, kisha jicho la pili.