Jinsia ni Nini? (Sehemu ya 3): Mume Aliye Mwanamke

Sehemu iliyopita ilimhusu Simone de Beauvoir, ambaye kitabu chake cha mwaka 1949 kiliwafundisha wengi kutenganisha mambo mawili: jinsi, yaani maumbile ya mwili, na jinsia, yaani namna jamii inavyomlea mtu, inavyomtazama na inavyompangia nafasi kwa sababu ya maumbile hayo. Leo tusogee mbele, maana hapo ndipo swali gumu linapoanzia. Ikiwa jinsia hujengwa na jamii, ni nini hasa kinachomfanya mtu awe mwanamke?

Jibu lililozua mjadala mkubwa lilitolewa mwaka 2000 na Sally Haslanger, mwanafalsafa wa Marekani. Yeye hakutaka kujua watu hulitumiaje neno hilo. Aliuliza: tukitaka kuupiga vita uonevu, tunahitaji fasili ipi? Akasema mwanamke ni mtu aliyewekwa chini kiuchumi, kisheria au kijamii kwa kuwa mwili wake unaonekana, au unadhaniwa tu, kuwa wa kike wenye kazi ya kuzaa. Mwanamume naye ni yule anayependelewa kwa mwili unaochukuliwa kuwa wa kiume.

Fasili hii ina nguvu. Inatuonyesha kwamba mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake haponzwi na maumbile yake. Anaponzwa na mpangilio wa watu, na walioupanga wanaweza kuupangua.

Wakosoaji wakauliza: na yule asiyeonewa na yeyote? Walimtaja Malkia wa Uingereza. Sisi tunaweza kumtaja Rais Samia Suluhu Hassan. Haslanger hakurudi nyuma. Kama yupo asiyewekwa chini hata kidogo, basi kwa maana anayoikusudia yeye huyo si mwanamke, na shabaha ya mapambano ni kufikia siku ambayo wanawake wa maana hiyo hawatakuwapo tena. Ni jibu la kijasiri, ila kwangu halitoshi, kwani linamwondolea mtu jina ambalo yeye mwenyewe hajalikataa.

Mwaka 2016 Katharine Jenkins alionyesha pengo jingine. Wapo waliozaliwa na mwili wa kiume ambao hujitambua kuwa wanawake. Jamii isipowaona hivyo, fasili ya Haslanger inawaacha nje. Jenkins akapendekeza dhana mbili zenye uzito sawa: jinsia kama tabaka ambamo mtu huwekwa na wenzake, na jinsia kama utambulisho. Huo utambulisho anaufananisha na ramani ya ndani: mwenye utambulisho wa kike ni yule ambaye ramani yake imechorwa kumwongoza mtu wa tabaka la wanawake katika maisha ya kila siku, hata kama hakubaliani na kanuni za tabaka hilo.

Mjadala huu umejaa mifano ya Ulaya na Marekani. Naamini Wanandi wa Kenya wanaupima vizuri zaidi. Kwa mila yao, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa mwanamke mwingine, ambaye huzaa na mwanamume wa nje, na watoto wakawa warithi wa nyumba ya aliyeoa. Mwaka 1980 mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler aliandika kwamba Wanandi humhesabu mwanamke huyo aliyeoa, yaani mume, kuwa mwanamume, na husisitiza hivyo hasa katika mambo ya mali na urithi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa iliitambua ndoa ya aina hii katika kesi ya mirathi.

Haslanger angesemaje? Mume huyu ana haki za mwanamume, lakini hakuna anayeudhania mwili wake kuwa wa kiume. Na Jenkins? Mila haikumuuliza anajitambuaje. Ilitazama ukoo, ng'ombe na ardhi. Hapa jinsia ni cheo ambacho mtu hupewa ili nyumba isifutike, na fasili zote mbili hazikukitazamia.

Kwa hiyo nasema wazi kwamba sioni fasili moja itakayotosha mahakamani, hospitalini na katika nafsi ya mtu. Anayekuletea fasili ya jinsia, muulize kwanza ni ya kazi gani. Sehemu ijayo itamhusu Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria, ambaye mwaka 1997 alidai kwamba kabla ya ukoloni Wayoruba walipangana kwa umri, si kwa mwili.