Uchungu kabla ya wakati: dawa ni za bei ndogo, saa ndizo ghali

MINADA ya korosho inapoanza mwezi Oktoba, kaya nyingi za Masasi na Newala hupanga matumizi ya mwaka mzima: ada za shule, mabati, salfa ya msimu ujao. Gharama moja husahaulika katika hesabu hiyo, nayo ni ya mama kushikwa na uchungu kabla ya wakati.

Uchungu huhesabiwa kuwa wa mapema ukianza kabla mimba haijatimiza wiki 37. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti mwaka 2020, takriban mmoja katika kila kumi. Matatizo ya kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano duniani.

Soko likoje?

Wahitaji ni wengi, lakini bidhaa mpya ni chache. Makampuni husita kufanya majaribio kwa wajawazito, kwani dawa moja hugusa watu wawili na fidia yaweza kuwa kubwa. Hivyo zinazotumika ni dawa kongwe.

Vidonge vya nifedipini, vinavyotumika pia kwa shinikizo la damu, hutuliza tumbo la uzazi na kuahirisha uzazi kwa siku moja au mbili. Mwaka 2022 WHO iliipendekeza dawa hiyo. Katika muda huo mama huchomwa deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yakomae.

Chanzo cha sindano hiyo ni zizini. Huko New Zealand, Graham Liggins aliona wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati wakipumua baada ya kupewa dawa ya aina hiyo. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walitangaza matokeo kwa binadamu. Utafiti wa mwaka 2020 katika nchi tano, Kenya ikiwamo, ulithibitisha kuwa deksamethasoni hupunguza vifo vya njiti pale hospitali inapoweza kumhudumia mama na mtoto.

Dawa hizi hutengenezwa na viwanda vingi, hivyo bei na faida ni ndogo. Dawa ghali si lazima iwe bora. Nchini Marekani sindano ya Makena, iliyokusudiwa kuzuia uzazi wa mapema, ilitangazwa mwaka 2011 kwa dola 1,500, ilhali wafamasia walikuwa wakiichanganya kwa dola 10 hadi 20. Mwaka 2023 iliondolewa sokoni baada ya utafiti kuonyesha kuwa haikusaidia.

Fursa na tahadhari

Kwa vituo vya umma, msambazaji mkuu ni Bohari ya Dawa (MSD). Mwenye duka asitarajie kutajirika kwa sindano hizi, wala familia isizinunue na kumpa mama nyumbani. Kabla ya kuzitoa, mganga huhakikisha umri wa mimba na kwamba mama hana maambukizi.

Pengo kubwa liko barabarani. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni takriban kilomita 200, na vijiji vingi vya uwanda wa Makonde viko mbali na lami. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hupokea simu bure kwa namba 115. Gari la wagonjwa likikosekana, hutumwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Kwa mwenye gari zima, hiyo ni kazi halali inayookoa maisha.

Mkulima afanye nini?

Mama aanze kliniki mapema, anywe dawa za kukinga malaria anazopewa huko na alale kwenye chandarua, kwani malaria huchangia uzazi wa mapema. Apunguziwe kubeba ndoo na magunia. Maumivu ya tumbo au kiuno yanayokuja na kuondoka, maji kuvuja au damu ni dalili za kwenda kituoni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Malipo ya mnada yakiingia benki, baba na mama watenge fedha za nauli na chakula cha hospitali kabla ya kununua mabati. Mtoto njiti akizaliwa, abebwe kifuani ngozi kwa ngozi. Utafiti wa mwaka 2021 uliohusisha Tanzania ulionyesha kuwa kufanya hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, hospitalini, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Huduma hiyo haina bei sokoni.