Fungu la Tatu: Karanga Mbovu, Lishe ya Kuku na Afya ya Ini

Msimu wa mavuno ufikapo katika kata ya Nambambo, wilayani Nachingwea, karanga hubanduliwa maganda na kuchambuliwa barazani. Mwenye ungo hutenga mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mbegu na la kuuza. La pili ni la mboga na uji wa watoto. La tatu ni la punje zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au kuota ukungu. Aulizwapo fungu hilo la mwisho litakwenda wapi, jibu huwa jepesi: “Hizo za kuku.”

Makala haya yanahusu fungu hilo la tatu. Kwa macho ya mfugaji ni kuokoa mali isipotee. Kwa macho ya tabibu na ya daktari wa mifugo, hilo ndilo fungu lenye hatari kuliko yote.

Lishe bora ya kuku

Tuanze na jambo ambalo mfugaji yuko sahihi. Kuku asiyepewa chakula cha nyongeza hutaga kidogo na hukua polepole. Kuku wa mayai huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, na kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4 kwa ajili ya gamba la yai. Pumba za mahindi peke yake hazifikii kiasi hicho. Ndiyo maana huongezwa mashudu, dagaa, chokaa ya mifugo na chumvi kidogo.

Mashudu ya karanga yana protini nyingi, lakini yana upungufu wa viini viwili vya protini ambavyo kuku hawezi kujitengenezea, yaani laisini na methionini. Mashudu ya ufuta, zao ambalo wakulima wa Nachingwea na Ruangwa wanalijua vema, yana methionini nyingi ingawa laisini yake ni ndogo. Dagaa huziba mapengo yote mawili. Mchanganyiko wa vyakula hivyo ukiwa safi na mkavu, faida huonekana katika mayai na katika uzito. Nyongeza hiyo hiyo ikiwa na sumukuvu, hasara huanza palepale.

Somo la batamzinga

Nachingwea ina historia yake na karanga. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza iliendesha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili kupata mafuta ya kula kwa ajili ya nchi yake. Mradi huo ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Mwaka 1960, huko huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Wachunguzi hawakupata kirusi wala bakteria. Walipofuatilia chakula cha ndege hao walikuta mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazili, na ndani yake sumu inayotengenezwa na ukungu uitwao Aspergillus flavus. Kutokana na jina hilo sumu ikaitwa aflatoksini, iliyo hatari kuliko sumukuvu nyingine zinazojulikana. Hivyo basi, elimu ya binadamu kuhusu sumu hii ilianzia bandani, kwa ndege waliolishwa mashudu.

Sumu hufanya nini mwilini?

Aflatoksini haionekani, haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa kemikali kali inayojishika kwenye vinasaba na kuviharibu.

Kwa kuku, ini hupauka na kujaa mafuta, utagaji hushuka, vifaranga hudumaa, na kinga ya mwili hupungua. Mfugaji huweza kuchanja dhidi ya kideri na bado akaona kuku wake wakifa, akailaumu chanjo wakati kosa liko kwenye chakula. Bata ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hii. Wengi hapo hukimbilia dawa za viuavijasumu na kuzimimina kwenye maji ya kunywa. Dawa hizo hazitibu sumukuvu. Huacha mabaki kwenye mayai na nyama, na huwafundisha bakteria usugu ambao kesho tutakutana nao wodini.

Ng’ombe akila chakula chenye sumu hii, sehemu yake hutokea kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Katika mayai na nyama kiasi kinachopita ni kidogo zaidi.

Kwa binadamu, hatari kubwa zaidi ni kuila sumu moja kwa moja katika mahindi na karanga. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ulizikumba familia za mikoa ya Dodoma na Manyara. Huo ni ugonjwa wa ghafla. Ule wa polepole hauna kelele: kula kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina B hatari hiyo huongezeka maradufu mara nyingi.

Kwa nini fungu la tatu?

Sumukuvu haienei sawasawa katika gunia. Hujikusanya katika punje chache, hasa zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizoota ukungu. Kwa hiyo kuchambua ni kinga ya kweli: mikono inayochambua huondoa sehemu kubwa ya sumu katika chakula cha familia. Lakini sumu iliyoondolewa haikupotea. Imekusanywa yote katika fungu moja. Kumpa kuku fungu hilo ni kumpa sumu ya gunia zima.

Kulipeleka mashineni si suluhisho. Karanga zikikamuliwa, sumu nyingi hubaki kwenye mashudu, na mafuta yasiyosafishwa nayo huwa na sehemu yake. Zikisagwa na kuwa unga wa lishe, hakuna jicho litakaloitambua punje mbovu tena. Mzazi anayetaka kutia karanga katika uji wa mtoto na azichambue mwenyewe kabla ya kuzisaga.

Mambo ya kufanya nyumbani

• Anika karanga na mahindi juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo.
• Usiloweke maganda ya karanga ili yabanduke kwa urahisi. Maji hayo ndiyo mwaliko wa ukungu.
• Pima ukavu wa mahindi kwa chupa ya kioo iliyo kavu: tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu.
• Hifadhi magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, au tumia mifuko isiyopitisha hewa.
• Chimbia au choma fungu la tatu mbali na banda. Kulichanganya na nafaka nzuri huisambaza sumu tu.
• Hakikisha mtoto anapata chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, kwani zina kinga ya homa ya ini aina B.

Kwa watoa huduma za afya

Mgonjwa akija na macho ya manjano, kutapika na maumivu ya tumbo, tuulize maswali mawili zaidi: je, kuna wengine nyumbani wanaougua vivyo hivyo? Na je, mbwa au kuku wamekufa siku za karibuni? Nchini India mwaka 1974, watu zaidi ya 100 walipokufa kwa mahindi yenye sumu hii, mbwa waliokula mabaki ya chakula hicho waliugua pia. Majibu yakiwa “ndiyo”, familia iache chakula hicho mara moja, sampuli ihifadhiwe, na taarifa ifike kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo. Sumu hii haina dawa ya kuizimua. Anayeokolewa huokolewa kwa kuwahi.

Najua kwamba kumwambia mama atupe debe la karanga alizozilima kwa jembe si jambo dogo. Tumweleze basi hesabu ilivyo: debe hilo halimnenepeshi kuku wake. Humpunguzia mayai, huua vifaranga, na likirudi jikoni kwa njia ya unga au mafuta, huanza kulipiwa na ini la mwanawe.