Tarakilishi Isiyowaka

Kijana wa Malindi au wa Kilifi aliyeweka akiba miezi kadha wa kadha, akaagiza vipande kutoka Luthuli Avenue ya Nairobi vikamfikia kwa basi la usiku, akavipanga mezani kwake na kuvifunga kimoja baada ya kingine kwa bisibisi, kisha akabonyeza kitufe asione taa wala asisikie feni, aghalabu hutoa hukumu kabla ya kupata ithibati: husema madabodi imekufa. Hukumu hiyo mara nyingi ni ghalati, na gharama yake huku pwani ni nzito kuliko Nairobi. Maana aliye Nairobi hurudi dukani siku hiyo hiyo, ilhali aliye Watamu, Mambrui au Gongoni hana budi kulipa nauli ya kifurushi kwenda na kurudi, na kungoja, na pengine kuambiwa na muuzaji kwamba kipande kilitoka kwake kizima na kwamba kama kimeharibika, kimeharibiwa na mnunuzi.

Tarakilishi isiyowaka haichunguzwi kuanzia katikati. Huchunguzwa kuanzia ukutani, umeme unapoingilia, na kufuatwa hatua kwa hatua hadi kwenye skrini. Na katika kila hatua hubadilishwa jambo moja tu, matokeo yakaandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa mwenye kubadilisha mambo mawili pamoja, hata mashine ikiwaka, hajui ni lipi lililomfaa, na siku itakapozima tena atakuwa pale pale alipoanzia.

Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na plagi yetu ya miguu mitatu hubeba fyuzi ndani yake, jambo ambalo wengi hulisahau hata wakaifungua tarakilishi nzima ilhali kilichoungua ni kijifyuzi ndani ya plagi. Jaribu soketi kwa taa au kwa pasi. Kisha jaribu waya wenyewe kwenye kifaa kingine. Ukinunua pawa saplai ya mtumba, tazama nyuma yake kama pana kiswichi chekundu chenye kuandikwa 115 na 230, kwani zile za zamani huwa nacho, na ikiwa kimeachwa kwenye 115 ukaichomeka kwenye soketi ya Malindi, utasikia mlipuko, utanusa moshi, na hapo hapana tena cha kuchunguza.

Jambo jingine la ukutani ni waya wa ardhi, ambao mafundi wetu huuita athi. Zipo nyumba, za kale za mawe ya matumbawe na hata mpya za kupangisha, ambazo soketi zake zina matundu matatu lakini lile la juu halikuunganishwa na kitu. Ndani ya pawa saplai mna kapasita ndogo ziwekwazo kuchuja vurugu za umeme, nazo huziunganisha nyaya mbili za umeme na kasha la chuma. Athi ikiwapo, mkondo hafifu upitao humo huteremka ardhini bila mtu kuufahamu, lakini ikikosekana kasha hubaki na volti zipatazo nusu ya zile za ukutani, na mtu aliye peku juu ya sakafu ya saruji akiligusa husikia mkono ukimtetema. Wengi huona ni kero ndogo wakaizoea. Mimi naona ni onyo kubwa, kwa sababu siku waya wa moto utakapoligusa kasha hilo, umeme hautakuwa na njia ya kupita ila mwili wa mtu. Mchanga mkavu na mwamba wa matumbawe ni wapitishaji dhaifu wa umeme, kwa hiyo fimbo fupi iliyochomekwa kando ya ukuta haitoshi daima. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni ya EPRA, naye aipime kwa kifaa, asiikisie.

Ukuta ukiwa salama, hatua inayofuata ni pawa saplai. Ichomoe ukutani, toa plagi yake kubwa ya pini 24 kwenye madabodi, kisha uunganishe kwa kipande cha waya pini ya waya wa kijani na pini yoyote ya waya mweusi. Na ikiwa nyaya zote ni nyeusi, kama zilivyo nyingi za siku hizi, tazama kwanza mchoro wa plagi hiyo ukahesabu, kwani unayoitafuta ni pini ya 16. Ukiichomeka tena, pawa saplai itadhani kitufe kimebonyezwa na feni yake itazunguka. Lakini feni kuzunguka si ithibati ya uzima. Chukua mita, upime: waya wa njano utoe volti 12, na usishuke chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6, mwekundu utoe 5, baina ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa utoe 3.3, baina ya 3.14 na 3.47, na wa zambarau utoe 5 hata kabla ya feni kuzunguka. Tena yapo maradhi ambayo hayaonekani mpaka mzigo uwepo, volti zikawa sahihi pawa saplai ikiwa tupu na zikaporomoka prosesa inapoanza kazi, ndiyo maana jaribio la yakini ni kuazima pawa saplai nyingine nzima. Usiifungue ile yako mwenyewe. Ndani yake umeme wa 240 hugeuzwa ukafika karibu volti 340, na kapasita zaweza kuushika baada ya waya kuchomolewa. Mafundi tukizifungua pawa saplai kwa hadhari, si ajabu kumkuta mjusi kafiri aliyekauka baina ya sehemu mbili zenye umeme, au sisimizi waliohamia na mayai yao, kwa kuwa viumbe hupenda joto na matundu ya nyuma ya kasha huwa wazi usiku kucha.

Ikiwa pawa saplai haina kosa, hapo ndipo kijana atakiwapo kuwa na subira kuliko wakati wowote, kwani sasa lazima akifungue alichokifunga. Aitoe madabodi ndani ya kasha, ailaze juu ya katoni kavu iliyokuja nayo, asibakize juu yake ila prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, na nyaya mbili za umeme: ile kubwa ya pini 24, na ile ndogo ya pini nne au nane iendayo kando ya prosesa, ambayo wajenzi wengi wa mara ya kwanza huisahau, na bila hiyo feni zaweza kuzunguka na skrini ikabaki nyeusi. Asiweke diski wala kadi ya picha, maadamu prosesa yake inaweza kutoa picha yenyewe. Kisha aguse kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili za kuwashia, kwa nukta moja tu. Ikiwaka, basi madabodi imeondolewa dhana, na aghalabu kosa linakaa ndani ya kasha: ama kiguzo kimoja cha shaba, miongoni mwa vile viinuavyo madabodi isiguse bati, kimefungwa mahali pasipo tundu na kikagusa njia za umeme kwa chini, ama kijiwaya cha kitufe kimechomekwa pini isiyo yake. Nimesema madabodi ndiyo hushtakiwa kwanza. Kwa njia hii hupata nafasi ya kujitetea, na mara nyingi hushinda.

Isipowaka, au ikawaka bila picha, mtuhumiwa wa kwanza ni RAM. Hakikisha kwanza kwamba ni ya aina ipasayo, kwa kuwa DDR3 ina meno 240 na DDR4 ina 288, na kishimo cha kila moja kiko mahali pake, kwa hiyo ikikataa kuingia usiilazimishe. Kisha isukume kwa vidole gumba mpaka usikie vishikizo vikijifunga. Ikiwa madabodi ina nafasi nne na kipande ni kimoja, aghalabu mahali pake ni nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, na kitabu cha madabodi hubainisha.

Hapa namfikia adui wa pwani hasa, nayo ni chumvi. Upepo wa kusi hupeperusha povu la mawimbi na kuingiza chembe zake ndani ya nyumba zetu, na chumvi ina tabia ya kunyonya maji ya hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, kiwango ambacho asubuhi nyingi za Malindi hukipita. Chembe kavu isiyo na madhara ikawa tone la maji ya chumvi juu ya shaba. Kaskazini ya mji, baina ya Gongoni na Marereni, chumvi huvunwa kwa kuacha maji ya bahari yakauke juani, na anayeunda tarakilishi huko asistaajabu vifaa vyake vikichakaa upesi. Wala asikate tamaa. Kwani karibu na hapo, Ngomeni, ndipo lilipo jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitaliano baharini, ambako tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Ala nyeti kuliko zetu zilipita katika hewa hii hii, zikafanya kazi.

Chukua basi kipande cha RAM kilichokaa miaka michache Malindi, ukielekeze kwenye mwanga wa dirisha, ukitazame kwa makini. Dhahabu ya meno yake ni utando mwembamba mno juu ya nikeli na shaba. Penye kitundu kisichoonekana kwa jicho, chumvi hupenya na kula chini yake, na utaona madoa ya kahawia, na kando ya jino moja au mawili ukungu wa kijani. Jino moja lenye ukungu latosha kuizuia mashine nzima isiwake. Lisugue taratibu kwa kifutio cheupe laini, bila kukandamiza kwa kuwa utando wenyewe huisha, kisha lipanguse kwa spiriti ya isopropili isiyopungua asilimia 90, uache ikauke. Usipulizie kwa mdomo, maana pumzi ni unyevu mwingine. Fanya vivyo hivyo kwa kadi ya picha. Dawa ya kudumu ni kuitumia mashine kila siku, kwa sababu joto lake hufukuza unyevu, na iliyolala miezi hufa upesi kuliko itumikayo. Kadhalika, kifaa kilichotoka chumba cha kiyoyozi kiache ndani ya boksi lake mpaka kipate joto la chumba, ama sivyo kitatokwa jasho kabla hujakiwasha.

Yaliyobaki ni mepesi. Kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi ya picha ikiwa kadi ipo, si kwenye madabodi. Na prosesa za Intel ambazo majina yake huishia kwa herufi F hazitoi picha bila kadi. Mashine iwakayo kisha ikazima baada ya dakika chache, tazama kwanza kama karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipozeo iliondolewa. Inayosahau tarehe kila asubuhi inadai betri ya CR2032 ya volti 3, na tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, tovuti nyingi zitakataa kufunguka. Mitumba ya maofisini itokayo Uingereza ni imara sana, nami huisifu, lakini mingi ya Dell na HP ina plagi za umeme zisizofuata kanuni ya kawaida ya ATX, basi usinunue pawa saplai mpya kabla ya kulinganisha plagi kwa macho.

Umeme unapokatika, kama ulivyokatika karibu nchi nzima usiku wa 25 Agosti 2023, chomoa plagi usingoje. Kinachoua si giza, ni mshindo wa umeme unaporudi. Ukirudi, acha dakika chache upate kutulia, ndipo uchomeke.

Lililonileta kwenye kalamu ni ombi kwa wenye maduka ya Malindi, Kilifi na Mtwapa. Wekeni kwenye kaunta pawa saplai moja nzima, kipande kimoja cha RAM kizima na skrini moja ndogo, mkamruhusu mteja kujaribu kipande kabla hajalipa, na kumjaribia kile anachodai kimekufa kabla hamjamuuzia kingine. Gharama yake ni ndogo, nanyi mtaipata tena kwa mteja atakayerudi kwenu badala ya kutuma pesa zake Nairobi.