KWA NINI TAA YETU ILIUNGUA

Muhula uliopita niliwatia hasara wenzangu wa Chama cha Sayansi. Tulikuwa tumechanga fedha tukanunua LED nyeupe tatu, za wati 1 kila moja, ili tutengeneze taa ya kusomea umeme unapokatika. LED moja huhitaji volti 3 hivi. Tatu zikifuatana huhitaji volti 9. Niliziunga pamoja na rezista ya omu 8.2 kwenye betri ya volti 12, zikawaka vizuri. Kesho yake mchana nikaziwasha tena huku betri ikichajiwa kwa sola. Haukupita muda mrefu zikafifia, kisha zikazimika zisiwake tena.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunigombeza. Alisema, "Lete kalamu, tupige hesabu uliyopaswa kuipiga kabla."

Hesabu yenyewe ni hii. Betri ikiwa na volti 12, rezista hubakiwa na volti 3, na mkondo huwa ampia 0.37, karibu sawa na 0.35 inayotakiwa. Lakini betri hiyo ikichajiwa hufika volti 14.4. Hapo rezista hupata volti 5.4, na mkondo hupanda hadi ampia 0.66! Ikichoka ikashuka hadi volti 11, mkondo huwa 0.24 tu. Tena LED ikipata moto, volti inazohitaji hupungua, na mkondo huzidi. Basi tujue kwamba LED hulishwa kwa kipimo cha mkondo, wala si cha volti.

Dawa yake ni saketi yenye swichi ya transista, koili, daiodi na rezista ndogo ya kupimia. Koili ni kama mkokoteni wenye mzigo: ukiusukuma hauondoki kwa ghafula, na ukiuacha hausimami papo hapo. Swichi ikiwaka, mkondo katika koili hupanda polepole. Ikizimika, mkondo huendelea kuzunguka kupitia daiodi na kuziwasha LED, huku ukishuka polepole. Daiodi isisahauliwe, maana mkondo wa koili ukikosa njia huzusha volti nyingi zinazoweza kuiua transista.

Rezista ya kupimia ni ya omu 0.56. Ikipitiwa na ampia 0.35, huonyesha volti 0.2 hivi. Saketi ya kuongoza huitazama volti hiyo: mkondo ukifika ampia 0.40 huzima swichi; ukishuka hadi 0.30 huiwasha. Kwa hiyo wastani hubaki 0.35.

Koili nayo huchaguliwa kwa hesabu. Tuache mapungufu madogo, tuseme swichi huwaka na kuzimika mara 100,000 kwa sekunde. Kupata volti 9 kutoka 12, yapasa iwe imewaka robo tatu ya muda, yaani mikrosekunde 7.5 kila mara. Volti 3 zilizobaki, zidisha kwa muda huo, gawanya kwa badiliko la ampia 0.1, jibu ni mikrohenri 225. Dukani utapata ya 220, nayo yafaa. Hakikisha tu kwamba waya wake waweza kubeba zaidi ya ampia 0.40.

Betri ikipanda hadi volti 14.4, swichi hujipunguzia muda wa kuwaka hadi asilimia 62 hivi, na LED hazijui kwamba lolote limetokea. Tena umeme mwingi haupotei kuwa joto kama ulivyopotea katika rezista yangu ya kwanza.

Nilinunua LED nyingine kwa fedha zangu za matumizi, nikazikaza juu ya kipande cha bati nene la alumini zipate kupoa. Safari hii nilipima mkondo betri ikiwa imechoka, na nikapima tena ikichajiwa, kabla ya kumwita mtu yeyote aje kuona. Mita ilisoma karibu 0.35 mara zote mbili. Wenzangu wa Kidato cha IV sasa wanaisomea taa hiyo.

Ndugu zangu, kuona kitu kinawaka leo si ushahidi kwamba kitawaka kesho. Tupime kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha III