Kibuye, 'Russia', Kondele: Barabara fupi yenye stori ndefu

Ukipanda matatu pale mjini Kisumu ukielekea Kondele, safari ni fupi sana. Wimbo wa tatu ukianza tu kwenye simu, makanga ashagonga bodi: "Kondele washukie!" Ndiyo maana wengi wetu huwa hatuangalii nje. Lakini leo hebu zima muziki kidogo, kaa dirishani, tuende pamoja hadi Mamboleo.

Barabara yenyewe ni Jomo Kenyatta Highway, ingawa ukishapita Kondele watu huiita tu barabara ya Kakamega. Kwenye ramani ni kipande cha A1, ile barabara kuu inayotoka Isebania kwenye mpaka wa Tanzania, ikapita Kisii, Kisumu, Kakamega na Kitale hadi Turkana, kuelekea Sudan Kusini. Kipande chetu hakifiki hata kilomita 10. Lakini kwa stori, kimebeba mzigo kuliko lori la mchanga.

Tuanzie raundabauti ya Kisumu Boys, barabara ya Nairobi na Busia inapokutana na hii yetu. Nyuma yako kuna ziwa. Huko ndiko mji ulikoanzia, reli kutoka Mombasa ilipofika mwaka 1901 na Waingereza wakapaita Port Florence. Jina hilo halikudumu. Lililodumu ni Kisumu, ambalo wazee hulieleza kuwa lilitokana na neno la Kijaluo la mahali pa kubadilishana vyakula.

Ukitaka kuona kwamba jina hilo bado lina maana, angalia nje ukifika Kibuye. Hapa ndipo soko kubwa la wazi la jiji lilipo, na Jumapili ndiyo siku yake. Mitumba, omena, fanicha, kuku, vyuma vya baiskeli, vyote utapata. Nusu ya mavazi unayoona kwenye picha za vijana wa Kisumu yalianzia hapa, hata kama mwenyewe atakwambia ameagiza mtandaoni.

Mbele kidogo, kabla ya Kondele, kuna hospitali. Ubao unasema Jaramogi Oginga Odinga Teaching and Referral Hospital, lakini mwambie mtu wa boda akupeleke "Russia" na hatakuuliza swali la pili. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, msaada ambao Jaramogi aliutafuta alipokuwa makamu wa rais. Na hapa ndipo stori inapokuwa nzito, omera.

Mwaka 1969 Kenya ilikuwa imechemka. Jaramogi alikuwa ameshatoka serikalini tangu 1966 na kuanzisha chama cha upinzani, KPU. Julai 5, Tom Mboya akapigwa risasi Nairobi. Majonzi yalikuwa bado mabichi Rais Jomo Kenyatta alipokuja kuifungua hospitali hii, Jumamosi, Oktoba 25. Yeye na Jaramogi wakarushiana maneno makali hadharani, mbele ya umati. Umati ukachafuka, walinzi wa rais wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wakazi wengi wamekuwa wakisema idadi hiyo ni ndogo. Miongoni mwa waliopigwa risasi walikuwemo watoto wa shule waliokuja kumpokea rais.

Siku chache baadaye Jaramogi akawekwa kizuizini na KPU ikapigwa marufuku. Kenya ikabaki na chama kimoja tu bungeni.

Sasa tazama hiyo ramani tena. Hospitali ina jina la Jaramogi. Barabara inayopita langoni mwake ina jina la Kenyatta. Mgonjwa anayekimbizwa hapo usiku anapita kwa mmoja ili afike kwa mwingine, na wala hana muda wa kufikiria siasa.

Haya, tufike Kondele. Zamani hapa ilikuwa ni kubanana tu, matatu, mikokoteni na wauza mahindi wote waking'ang'ania raundabauti moja. Katika muongo uliopita barabara ilipanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Kondele ikapata daraja la juu. Magari ya Kakamega siku hizi yanapita juu, biashara inaendelea chini.

Lakini wewe na mimi tunajua kwamba wengi nje ya Kisumu hawaijui Kondele kwa daraja. Wanaijua kwa runinga. Mwaka 2007, 2017, 2023, kila siasa ikiwaka, kamera huja hapa kutafuta moshi wa tairi. Kinachosahaulika ni wale ambao hawakurudi nyumbani. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za 2007 na 2008, ilieleza kwamba wengi wa waliouawa Kisumu walikufa kwa risasi za polisi. Wengi walikuwa rika letu. Ukiunganisha na 1969, utaona kwamba barabara hii imekuwa ikizika vijana kwa zaidi ya miaka 50.

Mwisho wa safari ni Mamboleo. Hapa njia zinagawanyika, moja inapanda Kakamega, nyingine inaenda Miwani kwenye miwa. Na hapa kuna uwanja wa michezo wenye jina la, naam, Jomo Kenyatta. Juni 1, 2021, miaka mitatu baada ya ule mkono aliopeana na Raila Odinga, Rais Uhuru Kenyatta aliongoza sherehe za Madaraka humo. Mtoto wa Jomo na mtoto wa Jaramogi walikuwa jukwaa moja, katika jiji ambalo baba zao waligombana. Oktoba 2025, mwili wa Raila uliletwa uwanja huohuo na maelfu wakafika kumuaga.

Kuna wanaosema hiyo ni dalili kwamba jeraha limepona. Labda. Lakini jeraha halifungwi kwa sherehe pekee. Linafungwa watu wanapojua nani aliumia, na wapi.

Na hilo lina muda wake. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile hospitali ilipofunguliwa sasa anakaribia 70. Huenda ni nyanya yako, au mzee anayekarabati viatu pale Kibuye. Wikendi hii mtafute. Mwamkie vizuri, mnunulie chai, kisha umuulize alikuwa wapi Jumamosi ile. Simu yako ina kinasa sauti. Kiwashe, mradi amekubali, halafu unyamaze umsikilize.